Majani ya Wifi na Majani Yangu

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Kikao cha ukumbi wa mtaa. Mwenyekiti kaja na msichana. Mtaalamu wa mapambo ya ndani, kasema. Binti mwembamba kama fimbo ya pazia, miwani mikubwa, hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Nilimwona machoni. Nikampa chai na vipande vitatu vya mkate kabla hajafungua mdomo. Mwenyekiti akatazama saa. Atazame! Mtoto wa watu azimie kwa sababu ya ajenda?

Alipomaliza kutafuna akasema ukumbi wetu umechakaa, mgeni akiingia anatamani kutoka. Akasema binadamu hutulia akiona majani, akisikia maji, akigusa mbao, akipata mwanga wa jua. Siku hizi hoteli, zahanati, kumbi, kote wanaingiza asili ndani ya nyumba. Nikamwambia mwanangu, shule mimi niliishia kusoma na kuandika tu, lakini hayo nayajua. Nimezaliwa kwenye nyumba yenye asili ndani. Mvua ndani, nyoka ndani, mbuzi ndani. Tumehangaika miaka sitini kuvitoa! Watu wakacheka. Yeye akaandika kwenye daftari. Nimempa jina: Binti Majani.

Kisha likaja bomu. Chumba cha chai, chumba CHANGU, nilichokichemshia birika miaka kumi na saba, kitapewa mtu atakayeonyesha ameelewa mambo ya asili. Nikauliza, nani mwingine anakitaka? Mkono ukanyanyuka nyuma.

Wifi!

Dada wa marehemu mume wangu, damu yake kabisa! Kajifunga kilemba kipya, mkono juu kama mwanafunzi anayejua jibu.

Tumegawiwa. Mimi upande wa kushoto wenye dirisha kubwa la barabarani, yeye upande wa kulia. Jumamosi saa nne asubuhi wanakuja kukagua. Mmoja anabaki, mmoja anakwenda na sufuria zake.

Wifi kawaambia wanakamati kwamba kwangu ni mahali pa wazee kulala midomo wazi. Ni kweli wanalala. Wakalale wapi? Fundi viatu kwake hana hata paka wa kumuuliza umeamkaje. Mlinzi mstaafu anaongea na redio, na redio yenyewe mbovu. Mkunga mstaafu kazalisha nusu ya mtaa huu, leo hakuna anayemgongea mlango. Wakija kwangu wanatukanwa vizuri, wanakunywa chai, wanarudi makwao wakiwa watu. Wifi ataweka vitambaa vya meza na saa ya kufunga.

Sikubali. Na kilemba hakimpendezi.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Nimeanza na maji. Wifi hatawaza maji.

Nimechukua dumu la lita ishirini, nikalitoboa kwa msumari wa moto, nikalitundika juu ya beseni la mawe. Tirrr, tirrr, tirrr. Kijito kabisa! Nikakaa, nikafumba macho, nikajiona niko hotelini nahudumiwa.

Baada ya dakika kumi mlinzi mstaafu akaenda chooni. Baada ya dakika kumi na tano akaenda tena. Fundi viatu akamfuata. Ukumbi una choo kimoja. Kufika saa tano foleni ilikuwa imevuka mlango wa ofisi, na mlinzi anagonga mlango kwa fimbo akisema huyo aliye ndani amehamia. Mkunga ndiye aliyenitia hofu. Kila akisinzia anasikia chupa ya uzazi imepasuka, anashtuka, anauliza taulo ziko wapi na nani kaitwa.

Mwenyekiti naye akakatiza kikao chake chumba cha pili. Alipita mbio, hakusalimia. Si kawaida yake.

Wifi alikaa upande wake akihesabu kwa sauti. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Akaniuliza, wifi, huu ni mgahawa au kituo cha kupimia mkojo?

Nimeziba tundu kwa kijiti. Dumu limebaki linaning'inia. Linatazamwa tu, halisikiki.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Majani sasa. Nimeng'oa mmea wote unaotambaa kwenye uzio wa jirani yangu. Alikubali. Yaani hakuwepo, lakini angekuwepo angekubali, namjua. Nimeongeza mtambao wa maboga yangu mwenyewe. Nimetia udongo kwenye makopo, nimefunga kamba kutoka chini hadi juu, dirisha kubwa lote limefunikwa. Kijani kitupu! Huoni hata barabara.

Giza kidogo. Fundi viatu kakoroga chai ya mkunga, mkunga kainywa ya mlinzi, mlinzi kasema leo chai yake imepotea bila shaka imeibwa, na yeye ndiye mlinzi. Nimewaambia porini pia kuna giza, watulie.

Saa nane wifi akaja na gari zima la majani. Zima! Yamepanda ukuta hadi darini. Hakuna hata jani moja la manjano, hakuna lililolala, hakuna lililotobolewa na mdudu. Mwenyekiti kasimama pale kinywa wazi. Kasema, Mama, angalia mwenzio.

Nimerudi nyumbani na kichwa kinaniuma.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Sisimizi. Wamekuja na mmea wa jirani. Wako kwenye sukari.

Jirani pia amekuja. Hakukubali.

Lakini sikiliza. Wifi alipotoka kupokea simu nikavuka upande wake, nikashika jani. Nikalikunja. Likarudi kama lilivyokuwa! Nikalinusa. Linanuka ndala mpya.

PLASTIKI!

Na mwanamke huyu asubuhi nilimwona kwa macho yangu akiyanyunyizia maji na kuyauliza mmelalaje!

Nikamkimbilia mwenyekiti. Kasema Mama, acha wivu, umri wako haukuruhusu. Nikamwambia aje ashike. Kasema hawezi kushikashika vitu vya mgombea, itaonekana ana upande. Binti Majani hayupo hadi Jumamosi. Na nikimwambia mimi, wifi atalia. Analia vizuri sana. Kwenye msiba wa mume wangu watu walimpa pole yeye wakanisahau mimi mjane.

Nahitaji shahidi asiye na upande. Asiyeweza kudanganywa wala kulizwa.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Nimempata. Mbuzi.

Mbuzi hajui wifi ni nani, wala hajui mimi ni nani. Anajua jani. Nitamwingiza mbele ya kamati nzima. Atafika kwa wifi, atanusa, atageuka. Aibu itamwagika mpaka mlangoni. Nimefikiria jambo hili tangu jana, sijaona kasoro hata moja.

Nimemwazima kwa muuza nyama. Kasema sawa, ila kesho saa kumi jioni nimrudishe bila kukosa, ana kazi naye. Mbuzi kasimama pale pale anasikia! Nikamwambia, jamani, usiseme mbele yake.

Nimesahau kuuliza kala saa ngapi.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Naandika haraka.

Saa nne walifika wote. Mwenyekiti, wanakamati wanne, Binti Majani na daftari. Wazee wangu watatu nimewaketisha upande wangu, gizani, nimewaamuru watabasamu. Wifi akaeleza upande wake kwa sauti ya redioni. Akasema kila jani amelilea kama mtoto. Kama mtoto!

Nikasema ngoja kidogo. Nikafungua mlango wa nyuma, nikaingia na mbuzi.

Mwenyekiti akauliza hiki ni nini. Nikamwambia ni asili.

Mbuzi akaenda moja kwa moja kwa wifi, kama nilivyopanga. Akanusa. Akatia jani mdomoni. Akalitema. Akapiga chafya! Nikageukia kamati, nikasema mmeona, mmeona, plastiki! Nikaanza kueleza vizuri, mkono mmoja kiunoni. Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeyakariri.

Nyuma yangu nikasikia krap, krap, krap.

Alikuwa kwenye dirisha langu. Kala mtambao wa maboga wote, kashika mmea wa jirani, anaushusha na kamba zake. Nikamvuta shingo. Nilivuta kwa nguvu zangu zote. Yeye akavuta kama anayejua saa kumi kuna nini. Makopo yakaanguka, udongo ukamwagika, dumu likachomoka kijiti, tirrr, mlinzi akasimama akaenda chooni. Nilipopata kumtenganisha na dirisha halikubaki hata kikonyo. Na sakafuni akaacha shukrani zake.

Wifi akacheka mpaka akashika meza. Akasema hata kama yangu ni plastiki, yangu yapo!

Nikakaa chini kwenye udongo. Miaka kumi na saba, na mimi mwenyewe nimemleta anayekula chumba changu. Sikulia. Ilikuwa vumbi.

Sasa dirisha lilikuwa tupu na jua likaingia lote, mpaka ukuta wa nyuma. Fundi viatu, aliyekuwa amekunja uso gizani, akageuza kiti chake kuelekea nje. Mara akapaza sauti, we, hivyo viatu nilikuambia usitembee navyo mvuani! Mtu akasimama barabarani, akacheka, akaingia. Mkunga naye akageuza kiti. Kukapita jibaba moja lenye ndevu. Mkunga akaruka, huyo nimemtoa mimi! Alitanguliza matako! Jibaba likasikia, mtaa mzima ukasikia. Likaingia limeinamisha kichwa kwa aibu, likamwamkia shikamoo bibi, likakaa karibu naye. Mkunga akamshika mkono hakuuachia. Wa tatu akaingia kuuliza mbuzi wa nani. Chumba kikajaa. Mimi nikainuka na udongo wangu matakoni, maana watu wamekaa na hakuna aliyepewa chai.

Binti Majani alikuwa ameacha kuandika. Akaenda kukaa katikati yao, juani. Kikombe cha kwanza nikampa yeye, bado mwembamba.

Aliponyanyuka akasema mwanga, dirisha, na viti vinavyotazama watu wanaopita, hivyo ndivyo alivyokuwa akitafuta, na haviwezi kununuliwa vikaletwa na gari. Kisha akafinya jani la wifi kwa vidole viwili. Likarudi kama lilivyokuwa, akafunga daftari.

Chumba ni changu!

Mwenyekiti katoa masharti. Dirisha libaki tupu. Dumu lishuke. Makopo mawili ya mimea, si zaidi, yakae kwenye ukingo. Na kuanzia leo mnyama wa miguu minne ni marufuku kuvuka mlango wa ukumbi. Kanitaka nirudie kwa mdomo wangu. Nikarudia. Minne.

Saa kumi kasoro nilikwenda kwa muuza nyama. Sikumpelekea mbuzi, nilimpelekea majogoo wangu wawili, wakorofi wote. Kakubali kubadilishana baada ya kuniita majina. Ningefanyaje? Mbuzi alikuwa ananitazama.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Nimekwenda kwa wifi kumringia. Nilivaa vizuri kabisa. Nilimchukua na mbuzi, ili aringe pia.

Nimemkuta sebuleni. Majani yote ya plastiki kayarudisha, kayapanga ukutani, viti sita vimezunguka meza, hakuna mtu. Binti yake wa mwisho kaolewa mbali tangu Februari. Nilijua. Nilijua, na sikwenda hata siku moja.

Nikamuuliza, wewe mwanamke, chumba changu ulikitakia nini? Akasema hakutaka chumba. Alitaka kuwa mahali mtu akichelewa kufika anafokewa. Akasema tangu kaka yake afe, mimi sijamfokea hata mara moja.

Basi nikamfokea. Nilianza na kilemba, nikaja kwenye plastiki, nikapanda hadi harusi yangu na yale aliyosema kuhusu miguu yangu. Kalia, mimi nikalia, mbuzi kala mkeka. Nikamwambia kesho saa kumi na mbili asubuhi awe ameshawasha jiko, akichelewa atanijua. Mbuzi nimemwachia. Ana uwanja, na mimi nina jirani mwenye hasira.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Wifi kafika saa kumi na moja na nusu. Kanifokea MIMI kwa kuchelewa. Ameshahamisha vikombe vyangu vyote. Simpendi hata kidogo.

Chumba kimejaa tangu asubuhi. Watu wananipongeza kwa dirisha. Nimewaambia nilipanga tangu mwanzo mbuzi ale vile, ni utaalamu. Wifi kakohoa.

Keshokutwa wanakuja wageni wakubwa kuutazama ukumbi. Binti Majani kanisihi, Bibi, tafadhali, usiongeze kitu. Nimemwelewa. Lakini nimekaa nikatazama chumba, nikaona bado kuna upungufu. Mwanga upo. Watu wapo. Sauti ya asili haipo. Na kuku wangu sita wamenyong'onyea tangu majogoo waondoke, wanazunguka uani kama wajane. Wanahitaji kuona watu. Wifi kasema safari hii nina akili, atabeba tenga yeye mwenyewe.

Masharti nayakumbuka vizuri, sijafika umri wa kusahau. Nimetoka uani nikawahesabu miguu mara mbili, mmoja mmoja. Miwili, miwili, miwili. Wote sita.