Madaraja Saba Niliyoyavuka kwa Barua

Jumatatu, 4 Mei

Habari njema, na kwa hiyo balaa. Binti yetu amekuja na mumewe kutuletea zawadi ya miaka thelathini na saba ya ndoa: siku nne katika mji wowote tutakaouchagua, mwanzoni mwa kiangazi, kabla jua halijawa kali na shule hazijafungwa. Tutakwenda watatu: mimi, mke wangu na shemeji. (Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Fundi saa, mgane, anakaa chumba cha uani. Nilipooa sikuambiwa kwamba naye yumo.) Jibu linatakiwa Jumapili baada ya chakula cha mchana.

Nikaanza kueleza vigezo vinne vya kuchagua mji wa mapumziko. Sikufika cha pili. Mke wangu alisema jibu lake analo tangu usichana. Mji wa Madaraja! Akaingia chumbani, akatoka na mkebe wa biskuti wenye barua zangu kumi na moja, zile nilizomwandikia tukiwa wachumba, nilipokuwa kozini huko. Anataka tuzifuate barua hizo mtaa kwa mtaa, daraja kwa daraja, mimi nikiongoza. Machozi yakamlenga. Binti naye yakamlenga. Mimi lilinitoka jasho.

Sasa nieleze, maana shajara haifai kudanganywa. Sijawahi kukanyaga Mji wa Madaraja. Kozi ya walimu wa jiografia ilihamishwa dakika za mwisho ikapelekwa mji mdogo, vituo viwili kabla, katika jengo lililo nyuma ya kiwanda cha unga. Miezi mitatu nilitazama magunia. Je, kijana anayeposa amwandikie mchumba wake habari za magunia? Tena kulikuwa na karani wa benki mwenye pikipiki anayempigia honi kila jioni! Nikanunua kijitabu cha wageni pale kituoni, nikaanza kuvuka madaraja.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Yangu imefika miaka thelathini na minane. Nadhani wahenga hawakuwa na kijitabu.

Ila mke wangu akijua, si safari tu itakayoharibika. Barua zile ndizo maandishi yangu pekee ambayo mtu amewahi kuyasoma mara mbili. Lazima tuende mji mwingine. Mji wowote!

Jumanne, 5 Mei

Mpango wa kwanza: goti. Nimeamka nachechemea. Nikamweleza mke wangu kwamba hewa ya mto ni adui wa viungo, nikamchorea na mchoro wa mvuke unavyopanda kutoka majini. Alisikiliza kwa makini. Nisisahau kwamba ni muuguzi mstaafu. Nilisahau.

Saa tatu alilikagua goti la kushoto. Saa nane alitaka kujua kwa nini sasa nachechemea la kulia. Akasema amefanya kazi wodini miaka thelathini na hajaona ugonjwa unaohama bila kuaga. Amenifunga yote mawili. Natembea kama bata.

Kisha akafungua barua ya tatu na kunisomea kwa sauti: chini ya daraja la pili kuna mabafu ya maji moto “yanayomrudishia mzee magoti ya kijana.” Akasema bahati iliyoje, dawa iko huko huko.

Sentensi nzuri, kwa kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikujua ninamchongea nani.

Jumatano, 6 Mei

Mpango wa pili: shemeji. Huyu anautaka Mji wa Mlimani kwa sababu una mnara wa saa yenye nyuso nne, na amesikia kila uso unasema saa yake. Anataka kwenda kuutazama kwa uchungu.

Nilimfuata kibandani kwake. Alikuwa ameinama juu ya meza, kile kioo chake cha kukuzia amekibana jichoni, skrubu ndogo kama chawa zimepangwa katika vizibo vya chupa. Nikamwambia nimetafakari, na kwamba kuhusu Mji wa Mlimani yeye ndiye aliye sahihi na mimi nimekosea. Skrubu ikamponyoka! Tukaitafuta sakafuni robo saa, mimi na magoti yangu yaliyofungwa. Nilipendekeza tupige kura ya siri kesho. Wawili dhidi ya mmoja. Demokrasia haina mke wala shemeji.

Aliniangalia tu kwa kile kioo, kama saa inayopoteza dakika.

Alhamisi, 7 Mei

Kura! Sanduku: sufuria lenye mfuniko. Msimamizi na mhesabuji: mimi. Nilitoa maelezo ya utaratibu kwa dakika kumi na mbili, ingawa wapiga kura walikuwa watatu.

Matokeo: Madaraja mbili, Mlimani moja. Nikahesabu tena. Nikapindua sufuria. Madaraja mbili.

Shemeji alikiri bila hata kuinamisha macho. Alisema tangu niingie katika ukoo huu sijawahi kukubaliana naye hata kwamba mvua inanyesha, nami nikiwa nimelowa. “Dada,” alisema, “ukiona Mwalimu ananiunga mkono, ujue mbele kuna shimo.” Kwa hiyo amegeuza kura, apone. Mke wangu akampigia makofi.

Halafu shemeji akaongeza, akikoroga chai yake polepole, kwamba ana mteja, dereva wa treni mstaafu, mzaliwa wa Mji wa Madaraja. Kesho anakuja kuchukua saa yake. Atamleta hapa nyumbani ili sisi “wenyeji wawili” tukumbushane ya zamani.

Wenyeji wawili! Maji yamenifika shingoni na huyu bado anafungulia bomba.

Ijumaa, 8 Mei

Amekuja. Pande la mtu, na sauti ya aliyezoea kushindana na injini. Nilimkalisha kwenye kiti kibovu nikitumaini hatakaa sana. Alikaa saa mbili.

Saa ya kwanza nilishinda! Nimegundua ufunguo wa mazungumzo yote ya wazee. Alipotaja jambo nisilolijua nilitikisa kichwa na kusema, “Enzi zetu haikuwa hivyo.” Soko jipya? Enzi zetu haikuwa hivyo. Barabara ya kando ya mto? Enzi zetu! Alikubaliana nami kila mara. Mara moja alifuta jicho. Shemeji alikuwa anatafuna biskuti kwa hasira.

Nikalewa ushindi. Mke wangu akaniomba nisimulie asubuhi ya barua ya sita, na badala ya kukohoa na kwenda chooni, nikasimulia. Jinsi nilivyoyavuka madaraja yote saba kwa miguu kabla ya kifungua kinywa, nikimwaza yeye kwenye kila moja. Pale niliposahau, alinikumbushia mwenyewe. Anaijua kwa moyo.

Dereva akatua kikombe. Akauliza kwa upole kama nina hakika na daraja la tano. Daraja la tano, alisema, ni la reli tupu. Halina njia ya miguu. Hata paka hapiti. Na miaka hiyo hiyo, zamu ya asubuhi ilikuwa yake. “Mwalimu, kama kweli ulipita pale, basi mimi nilikugonga.”

Shemeji alicheka hadi akaanguka kutoka kwenye kigoda. Mimi nilisema huenda nilitembea haraka. Hakuna aliyenisaidia.

Mgeni alipoondoka, mke wangu aliweka bahasha ya barua ya sita mezani. Akamnyooshea mdogo wake mkono bila kumtazama, kama alivyokuwa akifanya chumba cha upasuaji, na mdogo wake akamtilia kile kioo kiganjani. Mhuri wa posta umefifia. Kwa macho matupu huoni kitu. Kwa kioo aliona. Akausoma ule mji mdogo, herufi kwa herufi, akaniuliza huko kulikuwa na nini.

Nikaanza kumweleza jinsi posta ilivyokuwa ikichambua barua katika vituo vya kati.

“Mwalimu,” alisema. Basi.

Nikamwambia. Magunia, kijitabu, karani na honi yake. Yote. Alifunika mkebe, akaenda kuosha vikombe. Nilivisikia vikigongana, kimoja kimoja.

Jumamosi, 9 Mei

Hanisemeshi. Nyumba kimya kama chumba cha mtihani. Shemeji ameacha kunitania. Saa nne alinipa biskuti yake. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nilifua, nikapiga pasi, nikaunguza foronya. Mchana nikaamua kuandika barua ya kumi na mbili. Ya kuomba radhi, kurasa nne, yenye utangulizi, vichwa vidogo na hitimisho. Nikaipitisha chini ya mlango wa chumbani. Baada ya nusu saa ilirudi. Juu yake, kwa kalamu yangu mwenyewe nyekundu: “Fupisha.”

Nikafupisha. Ukurasa mmoja. Ikarudi.

Nikaandika: “Nisamehe.” Nikasubiri koridoni, sikio sakafuni, magoti yakinilalamikia, safari hii kweli. Haikurudi.

Jumapili, 10 Mei

Binti alikuja saa saba. Tulikula. Kisha mke wangu akafungua mkebe mbele ya wote, na mimi nikayatazama mafundo ya mbao za meza.

Alisema yale madaraja alikuwa akiyaruka. Tangu zamani! Alisema yalikuwa yanasomeka kama tangazo la duka. Barua aliyoisoma hadi ikachanika mikunjo ni ya tano, na ndani yake mistari mitatu tu niliyoiandika pembeni, nafasi ikiwa imenibakia: kwamba asubuhi ile niliamka nyusi zangu nyeupe kama za babu, nikajitazama kiooni nikawaza, kumbe huyu ndiye atakayekaa naye, akinikubali, nikacheka peke yangu. Miaka yote hii hakuelewa nyusi zilikuwaje nyeupe. Ijumaa, akiosha vikombe, akaelewa. Unga.

Ndizo nyusi zilizomkatalia karani wa benki, alisema. Kilichomchoma si uongo wa madaraja. Ni kwamba nilikuwa na cha kweli nikakiandika pembeni.

Binti alilia. Shemeji pia, ila alidai ni jicho la kazi. Kukawa kimya kizuri, na mimi nikaona ni nafasi ya kueleza kwa nini chembe za unga huelea muda mrefu kuliko za vumbi la kawaida. Binti akaniwekea mkono mdomoni.

Uamuzi wa mke wangu: twende Mji wa Mlimani, tarehe 2 Juni. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika huko, hakuna barua juu yake. Tutapotea sote watatu kwa usawa. (Shemeji alianza kujisifu kwamba mji wake umeshinda, akaambiwa anyamaze.) Na sharti moja juu yangu: nisimweleze mtu yeyote jambo ambalo macho yangu hayajaliona. Nikaapa, mkono juu, mbele ya mashahidi watatu.

Nimelala mchana kama mtoto. Moyo mwepesi! Mimi ni mtu mpya.

Jumatano, 13 Mei

Tumekwenda kukata tiketi. Foleni ndefu. Shemeji aligundua saa ya ofisi iko nyuma dakika nne, akaenda kumtafuta mkubwa wa ofisi; mke wangu akamfuata ili asitukanane na mtu. Nikabaki peke yangu. Siwezi kulaumiwa kwa kuachwa peke yangu.

Nyuma yangu walisimama mfamasia mstaafu na mkewe, watu wa heshima. Nao wanakwenda Mji wa Mlimani, mara ya kwanza, wana wasiwasi na ngazi na mahali pa kulala. Wakaniuliza kama naufahamu.

Sijui ilitokeaje. Nilisikia sauti ikisema, “Kama kiganja cha mkono wangu.” Ilikuwa sauti nzuri, yenye utulivu, sauti ya darasani. Ikaendelea. Iliwaonya wasipande ngazi za mashariki. Iliwaelekeza nyumba ya wageni iliyo kivulini mwa mnara, ambayo mwenyeji wake ni rafiki yangu wa siku nyingi, mwenye ndevu hadi kifuani na kasuku anayesalimia wageni kwa majina. Mfamasia aliandika yote kwenye daftari. Alitaka kujua kasuku anaitwaje. Nikamwambia Profesa.

Tiketi zao: treni ile ile, behewa lile lile, viti vinavyotazamana na vyetu. Saa sita za safari. Wamesema tukishuka watanifuata mimi moja kwa moja hadi kwa mwenye kasuku. Mke wangu aliporudi aliwapa mkono na kuwaambia amefurahi kupata wenzake wasiojua kitu.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu jioni nzima. Kiapo sijakivunja. Kiapo kilihusu kueleza. Mimi niliulizwa, nikajibu. Tofauti ni kubwa, na ningekuwa darasani ningeichora ubaoni.

Zimebaki siku ishirini. Nimekwisha kuziandikia nyumba zote za wageni zilizo karibu na mnara, kuuliza kama kuna mwenyeji mwenye ndevu. Ndevu tu zinatosha. Kasuku nitakuja naye.