Jukwaa Mbele ya Zimamoto

Ulaya nzima haina kituo cha zimamoto kama cha kwetu! Maneno hayo si yangu jamani, ni ya Twalibu, mchora ramani wa mtaa wetu hapa chini ya Uluguru. Ulaya yenyewe kaiona kwenye simu.

Kweli, kituo kilipendeza. Vioo, vigae vya kung'aa, na mbele kabisa jukwaa la zege la mgeni rasmi, lenye ngazi na nguzo mbili! Twalibu alikuwa na hesabu zake: siku ya ufunguzi mgeni akiridhika, vituo vya wilaya nzima atachora yeye.

"Mgeni anahutubia, gari jekundu linaonekana nyuma yake," alitutambia. "Nani ataninyima kazi?"

Tukapiga makofi. Kwetu shughuli bila jukwaa si shughuli. Gari lilishaingizwa ndani, zege la jukwaa likamwagwa baadaye, na hakuna aliyejiuliza kitu. Hata mimi, mjuaji wa kila jambo, nilikuwa naulizia pilau tu.

Siku ikafika. Pilau linapikwa bandani kwa Mama Felista, jirani kabisa na kituo. Msafara wa mgeni ndiyo unaingia, mara banda likashika moto!

"Banda langu mie!" Mama Felista akapiga yowe. "Twalibu mwanangu, leta hilo gari!"

"Usihofu, mama! Leo mtauona usasa! Abasi, toa gari!"

Dereva Abasi akawasha king'ora mpaka mbwa wakatimua mbio. Gari likasogea kidogo, likasimama.

"Nipite wapi, bosi?"

"Mlangoni!"

"Mlangoni kuna jukwaa!"

Loo! Twalibu akalitazama jukwaa kama ndiyo kwanza analiona. Akazunguka huku, akazunguka kule. Akalisukuma! Zege, baba, unalisukuma na suti?

Akina mama hawakumsubiri. Walibeba ndoo za maji ya kuoshea mboga, wakamwaga, wakarudi, wakamwaga tena, mpaka moto ukazimika. Paa liliungua upande mmoja tu. Nilifurahi mno, nisiwafiche.

Mgeni rasmi akashuka garini. Akatazama moshi, akatazama gari linalonguruma nyuma ya nguzo. Twalibu akamkimbilia na mkasi juu ya sinia.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Karibu utufungulie kituo."

"Marahaba. Huo mkasi rudisha, mwanangu. Katafute nyundo kubwa, ukifungue mwenyewe."

Twalibu akavua koti, akaanza kubomoa. Mama Felista akampigia vigelegele, na sisi wengine tukakaa kwenye viti vya wageni kumtazama mpaka jioni.