Malalamiko Kuhusu Makalio ya Gari la Mke Wangu

Ndugu Fundi Mkuu,

Pokea salamu za mtu mwenye furaha isiyo na breki. Mimi ni mume wa dereva wako, mume mpya kabisa, bado nanukia harusi. Naandika kwa heshima zote kupinga maneno uliyoyasema jana mbele ya gereji nzima: kwamba gari ni zima, mgonjwa ni mguu wa mke wangu, na kwamba makalio ya gari yakiteleza tena kwenye mazoezi ya kesho, usukani wa mashindano ya Jumamosi atapewa shemeji yako. Shemeji yako, ndugu yangu, anayeendesha gari la mbio kama amepakia mayai ya watu!

Hoja zangu ni hizi:

1. Ulibadilisha tairi za nyuma, ukapima upepo zikiwa baridi na zikiwa moto, ukalegeza springi. Gari likatulia kona zote isipokuwa ya tatu. Mtu mwenye akili timamu angeona mara moja kwamba mbovu ni kona. Naomba inyooshwe.

2. Wewe ukasema mke wangu akifika katikati ya kona hiyo huachia pedali ya mafuta ghafla, uzito wote ukakimbilia mbele, nyuma kukabaki kwepesi na gari likazunguka. Mguu upi huo? Mguu huo naufahamu, nimeukanda kwa mikono yangu. Siku ya harusi mguu huo ulinikanyaga kidole kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho, haukuachia hata kidogo. Nililia, wageni wakadhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi pia.

3. Umediriki kusema gari huteleza pale tu ninaposimama kwenye kona ya tatu na mwavuli wangu mwekundu, nikimrushia mabusu. Ndugu Fundi, tangu tuoane namrushia mabusu hayo hayo jikoni kila asubuhi, tena nikiwa nimeegemea jokofu, na jokofu halijateleza.

4. Kama tatizo ni wepesi wa nyuma, dawa ninayo: nilazwe kwenye buti la gari, huko nyuma. Nimenenepa tangu harusi na bado naendelea. Nitakuwa uzito, na nitakuwa karibu naye. Helmeti nitanunua mwenyewe.

Tafadhali usimnyang'anye usukani. Jumamosi hii ameisubiri tangu alipokuwa akiosha magari ya wenzake hapo hapo kwenu, akiyaangalia yakiondoka bila yeye. Usiku anabadilisha gia usingizini, na mimi ndiye gia. Silalamikii hilo.

Nisalimie mzee wa tairi, dada wa chai na mafundi wote, na hata shemeji yako, kwa kinyongo kidogo tu.

Ni mimi, mwenye kupenda na kulalamika,
Mume wa Dereva

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii akacheka hadi akakaa chini. Anasema umesema kweli tupu, Fundi. Huachia mafuta kwa sababu mimi huinamia ukuta wa kona ya tatu mpaka nusu yangu iko upande wa magari, naye hataki kuwa mjane kabla hatujamaliza kufungua zawadi. Anaomba kesho na Jumamosi unifungie ndani ya stoo ya tairi. Nimekubali. Ila ufunguo ukae kwake. Ameahidi kwamba akishashinda, atakuja kunifungulia mwenyewe.