Glavu ya Mkono Mzima

Jumatatu, 4 Machi

Mwaka wa thelathini na nne tangu nitoke kwetu. Mwezi wa tano tangu kiharusi kiulaze mkono wangu wa kulia. Leo nimeanza utafiti. Lifti ya hospitali inakohoa kuliko wagonjwa.

Mtafiti ni mama wa makamo, mpole, mwenye macho yanayoona mpaka nyuma ya kabati. Alieleza kwamba utafiti ni wa wiki mbili, na tumegawanywa kwa kura. Kundi moja linacheza na mashine: ukinyoosha mkono mgonjwa, samaki wa mchezo wanakamatwa kwenye kioo cha kompyuta. Kundi la pili linavalishwa glavu nene kwenye mkono mzima, asubuhi hadi jioni, ili mkono mgonjwa ukose wa kumtegemea. Nikaomba mashine. Kura ikanipa glavu!

Mashine imemwangukia jirani yangu wa benchi, mwalimu mkuu mstaafu. Sote tunamwita Mkuu, kwa sababu haitiki akiitwa vingine. Mzee mwenzangu huyo akanipa pole, akasema nimekaa kama mpishi aliyefukuzwa kazi akasahau kurudisha glavu ya jikoni. Nitamkumbuka.

Jioni binti yangu akapiga simu. Msimamo wake ni ule ule: utafiti ukiisha, kama siwezi kufunga vifungo vya shati na kubeba chai yangu kwa mkono wa kulia, nahamia kwake. Kwake kuna mkwe wangu. Hutazama mpira kwa sauti ya kuamsha mtaa, kisha hunieleza nilichokiona. Chumba changu kina dirisha, vitabu na ukimya. Sihami!

Jumanne, 5 Machi

Glavu ni adui. Nimemwaga chai. Nimepiga kidevu mswaki.

Nimepata mpango. Mtafiti anataka matokeo, mimi nataka chai. Hakuna sababu ya kukorofishana. Nikiwa peke yangu naivua, akitokea naivaa. Kikwazo: mkanda wake una kishikizo kidogo cha chuma, na mkono pekee ulio huru kukifungua ni huo mgonjwa. Nilihangaika nacho tangu taarifa ya habari ilipoanza hadi wakamaliza na hali ya hewa. Kidole gumba kilitetemeka kama mshtakiwa. Kikafunguka!

Nimekunywa chai kwa mkono wa kushoto. Naandika kwa huo huo. Mwandiko wa kuku, lakini kuku aliye huru.

Alhamisi, 7 Machi

Tumefungwa kitu kama saa kwenye mkono mgonjwa. Hakionyeshi saa. Kinahesabu kila mkono unapotikisika, na asubuhi mtafiti anasoma nani kafanya kazi na nani kalala. Mkuu ametangaza kwamba chake kitaishiwa tarakimu.

Nina feni ya mezani, ile inayogeuza shingo huku na huku. Nikafungua kishikizo cha glavu. Kilileta ubishi hadi maji ya chai yakachemka, kisha kikasalimu amri. Nikavua ile saa, nikaifunga kwenye shingo ya feni kwa kitambaa. Nikajilaza. Feni ikafanya mazoezi kwa niaba yangu alasiri yote. Akili bado ipo, jamani!

Ijumaa, 8 Machi

Nimeitwa ofisini. Mtafiti alitaka kujua kwa nini mkono wangu ulipunga alasiri nzima kwa mwendo mmoja, bila kupumzika hata kujikuna. Nikajibu nilikuwa ndotoni. Akauliza ndoto gani. Nikasema niliota naagana na watu wa kwetu.

Ulikuwa uongo. Lakini nilipomaliza nikakohoa kama ile lifti. Siku ile tulipoondoka tulitokea mlango wa nyuma, na sikumpungia mtu mkono.

Akanipa maji. Akasubiri ninywe. Kisha akasema, kwa upole ule ule, kwamba ndoto hiyo inasikitisha, Baba, ila saa imerudi na vumbi la feni. Hesabu za siku hiyo amezifuta. Nikirudia ananitoa, na mkono ubaki ulivyo. Tena, siku yoyote anaweza kunitembelea nyumbani bila taarifa.

Jumatatu, 11 Machi

Nani kamwambia Mkuu? Leo alinisalimia kwa kugeuza shingo taratibu, kushoto, kulia, huku akinipulizia upepo. Benchi zima likacheka. Akauliza kama leo nimewashwa namba moja au namba tatu.

Feni nimeiacha. Kuvua glavu siwezi kuacha. Tatizo ni korido. Ghorofa letu lina wapangaji wengi, na kila mmoja anatembea kama mtafiti. Nikisikia viatu, naivaa na kufunga kishikizo. Vikipita, nakifungua. Jirani wa chumba cha mwisho leo alienda bombani na kurudi asubuhi nzima. Kuvaa, kuvua, kuvaa, kuvua! Vidole vya kulia vinauma. Udanganyifu ni kazi ya vijana.

Ijumaa, 15 Machi

Mtihani wa mwisho. Kuhamisha vibanio vya nguo kutoka waya mmoja hadi mwingine kwa mkono mgonjwa. Mkuu akaunyoosha wake kwa madaha, kama anafungua mkutano. Ulifika mbali. Vibanio vikamwanguka.

Zamu yangu. Kidole gumba na cha shahada vikakidaka kibanio kama mdomo wa ndege. Kingine. Na kingine! Mtafiti akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaichukua glavu, akatazama tundu la mkanda lililopanuka na kishikizo kilichong'aa kwa kushikwa. Akauliza nilikuwa nakifungua kwa mkono gani. Nikauliza kufungua nini. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema itabidi aandike yote kwenye ripoti, na kwamba mgonjwa mmoja si ushahidi wa lolote.

Mkuu akalalamika kwamba huo ni wizi wa mtihani. Nikamjibu ni tiba.

Jumamosi, 16 Machi

Binti yangu alikuja na begi tupu la kubebea nguo zangu. Akasimama mlangoni, mikono kifuani. Kifungo cha kwanza kiliniletea kiburi. Vilivyofuata vikaona aibu, vikaingia. Nikambebea chai kwa mkono wa kulia. Kisahani kilipata sehemu yake, lakini kikombe kilifika. Akanywa akiwa amenipa mgongo, akasema eti haina sukari. Sauti haikuwa yake. Begi likaondoka tupu kama lilivyokuja.

Nimetafakari yaliyopita. Kosa langu naliona: sikudanganya kwa bidii ya kutosha. Ningeanza mapema, leo ningekuwa nashona.

Mtafiti anaandaa utafiti wa kutembea, na Mkuu ameshajiandikisha. Mguu wangu ni mzima kabisa. Nimeanza kuchechemea tangu mchana, mbele ya kioo, na naona nina kipaji.

Binti alipokuwa anatoka aliniuliza kama sasa, mkono ukiwa unaamka, nitafunga safari ile ya kwetu niliyoiahidi miaka yote. Nikamwambia huko hakuna tena anayenijua vya kutosha kunicheka. Kwetu sitarudi.