Mabafu Sita ya Madale

Marijani hakuwa fundi bomba. Hilo alilijua yeye, alilijua mkewe Somoe, na Mwananyamala nzima ililijua, ndiyo maana kazi zake alikwenda kuzifanyia Tegeta. Aliwahi kumbebea vifaa fundi mmoja kwa miezi minne, akajifunza kufunga shawa vizuri tu, kisha akagundua kwamba kuna hela nyingi zaidi kwa watu wanaotaka kujifungia wenyewe.

Kila asubuhi alijipanga nje ya duka moja la vifaa vya ujenzi, kavaa overoli ya bluu yenye jina la kampuni mgongoni. Kampuni hiyo haikuwahi kusajiliwa popote. Hapo alisubiri aina moja tu ya mteja: yule aliyetoka na boksi la koki ya shawa mkono mmoja na simu mkono wa pili, macho yamekodolea video ya mtu anayefunga shawa dakika tatu bila kutoka jasho.

"Braza, unataka kumwita fundi?" Marijani humuuliza.

"Ndo najiuliza hapa."

"Usimwite! Fundi atakupiga hela ya siku mbili kwa kazi ya nusu saa. Mtu mzima na akili zako unashindwa na koki? Hebu nikuonyeshe ilivyo rahisi."

Basi boksi linafunguliwa, koki inageuzwa huku na huku, moto kushoto, baridi kulia, tepu nyeupe unazungushia hapa. Somo linaisha, boksi linafungwa, mteja anaondoka anashukuru. Kwenye boksi sasa mna koki ya plastiki iliyopakwa rangi ya kung'aa. Ile ya shaba imeshalala kwenye begi la Marijani.

Uzuri wa mchezo huu ni kwamba aliyejifungia mwenyewe hana wa kumlaumu. Wiki mbili baadaye koki inapasuka, maji yanatembea mpaka sebuleni, zulia linaelea, na baba mwenye nyumba anamweleza mkewe kwamba siku hizi presha ya maji imezidi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi dukani kutangaza kwamba alijidai fundi. Marijani aliwaheshimu sana watu hawa. Aliwaona ndio raia wema kuliko wote, maana hawamsumbui mtu.

Siku aliyotokea Bi Rosalia, Marijani alikuwa na koki sita za shaba nyumbani, zote za aina moja, zinangoja mnunuzi.

Bi Rosalia alikuwa mama wa makamo kutoka Masasi, kitenge kimemkaa vizuri, miwani imening'inia kifuani. Alisimama kaunta, koki mkononi, anaigeuza kama mtu anayechagua papai.

"Hivi mie nikijifungia mwenyewe," alimuuliza muuzaji kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "itashindikana? Maana mabafu yenyewe ni sita."

Marijani alilisikia neno sita, akaingia dukani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wewe ni fundi?"

"Fundi, lakini mie ni fundi wa kweli, kwa hiyo nakwambia ukweli: jifungie mwenyewe. Ila usinunue hapa." Akashusha sauti. "Mie nina za shaba tupu, sita, bei ya kiwandani."

Bi Rosalia alivaa miwani, akamtazama vizuri. "Mungu ana watu wake. Lakini baba, mie mwoga. Tufanye hivi: zilete kesho kule Madale, ufunge moja mbele yangu, nione. Nikiona naweza, nafunga zilizobaki mwenyewe. Nikiona siwezi, kazi yote yako, na koki zote nanunua kwako. Nalipa maji yakishatoka."

Marijani alirudi nyumbani anapiga mluzi. Mpango ulijipanga wenyewe kichwani: atafunga za shaba, mama ataona maji, mama atalipa. Baada ya hapo atamwambia kuna kukaza kwa mwisho, atapita bafu moja moja na begi lake, za shaba zitoke, za plastiki ziingie. Koki zile zile atauza mara mbili.

"Na huyo mama hana mume, hana ndugu?" Somoe alimuuliza, anakata mchicha.

"Ana mabafu sita."

"Mie nimekuuliza kuhusu watu."

"Somoe, unaniletea nuksi kwenye dili."

Kesho yake saa tatu alikuwa Madale, begi limejaa: sita za shaba juu, sita za plastiki chini. Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, mpya, bado inanukia rangi. Bi Rosalia alimpokea kwa chapati na chai ya tangawizi, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa bafu la kwanza, daftari mapajani.

Marijani alifunga maji kwenye valvu kubwa, akasafisha midomo ya mabomba, akazungusha tepu, akaifunga koki, akaipima isimame sawasawa na marumaru. Alifanya kazi safi. Chambo lazima kiwe kitamu. Akafungulia: maji yakamwagika kama mvua ya masika.

"Umeona mama? Rahisi."

"Nimeona. Lakini pale kwenye tepu umezungusha upande gani?"

"Kwa saa."

"Kwa saa, kama mshale unavyozunguka." Akaandika. "Hebu nione tena bafu la pili, ndo niamue."

Bafu la pili lilifungwa. Bi Rosalia akasema sasa ameelewa tepu, ila spana ndiyo imemchanganya. Bafu la tatu likafungwa kwa ajili ya spana. Kwenye la nne alijaribu kushika spana mwenyewe, akaiangusha, marumaru nusura ipasuke, akajishika kifua.

"Jamani, mie na vyuma! Endelea baba, bado naamua."

Kufika la tano mgongo wa Marijani ulikuwa unalia. Overoli imelowa, vidole vimechubuka, jasho linaingia machoni. Miezi minne yote ya kubeba vifaa hakuwahi kufanya kazi ya namna hii, na kwa uaminifu wa namna hii. Kilichomsukuma ni hesabu ya kuuza mara mbili, pamoja na chapati, ambazo ukweli zilikuwa laini.

Saa tisa bafu la sita lilitoa maji. Marijani akajifuta mikono.

"Sasa mama, umeamua?"

"Nimeamua. Siwezi kujifungia mwenyewe." Bi Rosalia akafunga daftari. "Kazi hii inataka mtu kama wewe."

Ndipo honi ikalia getini.

Bi Rosalia akainuka upesi kuliko umri wake. Akatoa kwenye mkoba overoli ya kijani, akaivaa juu ya kitenge, akachomeka penseli sikioni, na kabla Marijani hajafunga mdomo, mama mwoga wa vyuma alikuwa keshakuwa fundi mkuu.

Aliyeingia alikuwa mzee mnene, suti ya kaki, hatua za mtu aliyezoea watu kusimama anapoingia.

"Fundi Rosalia! Umefikia wapi?"

"Kazi imeisha, Mheshimiwa Hakimu. Tembelea bafu lolote."

Marijani alilisikia neno hakimu, akalisukuma begi pembeni kwa mguu. Ilikuwa nyumba ya Hakimu Elinaza, na Bi Rosalia alikuwa amechukua tenda ya kufunga shawa zote, vifaa na ufundi, ingawa maishani mwake hakuwahi kukaza hata kifuniko cha gesi. Marijani akarudisha kumbukumbu nyuma, neno kwa neno. Mama yule hakuwahi hata mara moja kusema nyumba yangu.

Hakimu alipita bafu moja moja, anafungua, anafunga, anagonga koki kwa kucha. "Hii ni shaba kweli. Risiti ziko wapi?"

"Hizi hapa." Bi Rosalia akatoa risiti sita za kughushi, zimegongwa muhuri, safi kama vyeti vya ndoa.

"Na huyu bwana?"

"Huyu ndiye aliyeleta koki, na amenisaidia kufunga. Ana mkono mzuri, ila anahitaji kusimamiwa."

Marijani alifungua mdomo. Kichwani alianza kupanga malalamiko yake: mheshimiwa, huyu mama kaniibia koki zangu, ambazo mie nilizipata kwa... Hapo sentensi ilikwama. Akaianzia upande mwingine: mheshimiwa, mie nilikuja hapa kumuuzia huyu mama halafu nije ku... Nayo ikakwama.

"Basi dhamana ya koki ni yako," Hakimu akamwambia, akamkabidhi karatasi. "Mwaka mmoja. Andika jina kamili na namba ya simu. Na kitambulisho nikipige picha."

"Mheshimiwa, kitambulisho nimekiacha..."

"Kile pale kwenye mfuko wa kifuani," Bi Rosalia alisema kwa upole. "Kinachungulia."

Hakimu akamlipa Bi Rosalia kwa simu. Simu ya mama ikatoa mlio mfupi wa furaha. Marijani alikuwa bado anaandika jina alipomsikia mama akiaga na bodaboda ikiwashwa nje. Alitupa kalamu akakimbilia getini.

"Mama! Rosalia! Hela yangu!"

Bi Rosalia alikuwa keshakaa nyuma ya boda, kofia kichwani. "Hela ipi baba? Si ulisema nijifungie mwenyewe, kazi rahisi?"

"Nitakushitaki!"

"Hakimu yuko ndani. Hana foleni."

Boda ikateremka mlima wa Madale, vumbi likabaki.

Marijani aliporudi kuchukua begi, Hakimu alikuwa ameliinamia. "Na hizi sita za chini?"

"Hizo... za kufundishia, mheshimiwa. Mifano ya koki mbovu."

"Vizuri sana. Ziache. Nitawaonyesha mafundi wengine."

Jioni alifika Mwananyamala. Somoe alimwona overoli imelowa, begi tupu, akamwekea ugali.

Alfajiri ya siku ya nne simu iliita.

"Marijani bin Suhaib," ilisema sauti nzito, jina kamili kama linavyosomwa kizimbani. "Bafu la wageni linadondosha. Tone moja moja, lakini linadondosha. Nakusubiri saa mbili."

"Naja, mheshimiwa. Shikamoo mheshimiwa."

Akavaa overoli. Njiani alisimama kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akanunua tepu nyeupe na mpira wa koki kwa hela yake mwenyewe. Muuzaji alimrushia chenji, akageukia mteja mwingine.

Marijani hakuondoka kaunta.

"Vipi tena?" muuzaji akamuuliza.

"Risiti," alisema Marijani. "Nipe na risiti."