Boza la Mama Ebla na Stika ya Asilimia Mia

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. (Umati: Wa aleikum salaam.) Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, Mheshimiwa Naibu Mwenyekiti, ambaye naona amekalia kiti cha Mwenyekiti na suala hilo tutalishughulikia kwa utaratibu, mashehe na maimamu, wazee wetu wenye hina ndevuni, akina mama wa soko la maziwa, wafadhili wetu wapendwa mlioketi chini ya hema lenye feni, na ninyi wananchi wa Garissa mliosimama juani kwa hiari yenu wenyewe: anayezungumza nanyi ni Daktari Mhandisi Alhaji Jelle Gabow, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Nishati Mbadala ya Nyika, na huo udaktari nimekwisha kuuomba, uko njiani. (Makofi kutoka kwenye hema lenye feni, mkalimani akishamaliza kutafsiri.)

Ndugu zangu, kabla sijaingia kwenye hotuba yenyewe, naomba radhi kwamba chai imechelewa kutokana na changamoto za kiufundi ambazo sitazitaja. (Sauti ya mwanamke: Itaje! Hakuna maji!) Sitazitaja.

Tumekutana kuadhimisha mafanikio ya mradi wetu wa bayodizeli, yaani dizeli inayokamuliwa kwenye mbegu za mimea badala ya kuchimbwa ardhini, mradi ambao kwa kufuata framuweki ya kimkakati, ruodimapu ya kimultisekta na ushirikishwaji wa kina wa mastekiholda wote, umeuchukua mti wa mathenge, mti huu huu uliotoboa magurudumu yenu na kung'oa meno ya mbuzi wenu, ukaugeuza kuwa nishati safi inayosukuma malori kutoka hapa mpaka Masalani, na kwa kasi hii tutafika Kutulo kabla ya wapinzani wetu kumaliza kucheka. (Wapinzani wanacheka.) Kulingana na utafiti nilioagiza mimi, nikaufanya mimi na kuupitisha mimi, asilimia tisini na tisa ya wananchi wameridhika na mradi, na ile asilimia moja iliyobaki ni Mama Ebla.

(Kicheko. Mama Ebla, mwenye boza, lori la tangi la kupeleka maji kwa wafugaji, anasogea mbele: Warya Jelle! Boza yangu iko gereji, bambu ya dizeli imekufa. Waranti inaisha kesho, na watu na mbuzi yao njia ya Masalani wanangoja maji. Sema ukweli!)

Asante, eeddo. Namwita eeddo kwa sababu ni dada ya marehemu baba yangu, na katika hotuba rasmi nilikuwa nimekusudia kutolisema hilo. Wageni wetu, naomba nifafanue. Mamlaka yangu ilibandika kwenye boza la mama huyu stika nzuri ya kijani iliyoandikwa NATUMIA BAYODIZELI ASILIMIA MIA, naye aliipokea kwa moyo wa uzalendo. (Mama Ebla: Nilipokea kwa sababu gari ya stika haisimamishwi kwa roadibloki!) Kwa moyo wa uzalendo na usafiri mwepesi. Sasa pampu imepata ajali ya kimaumbile, na Bwana Mowlid, wakala wa kampuni iliyomuuzia gari, yuko hapa mstari wa mbele, na sijui ni nani aliyemwalika.

(Mama Ebla: Mimi! Bwana Mowlid anainuka: Mkurugenzi, sisi hatuna shida. Bayodizeli mpaka asilimia tano kampuni inakubali. Ikibita hapo, bambu ikiharibiwa na mafuta, ni mzigo ya mwenye gari. Stika inasema mia.)

Mmesikia? Tano! Hata wataalamu wangu walipendekeza tuandike tano, na mimi nikawauliza, jamani, tano ni alama au ni aibu? Mtoto akileta tano nyumbani mnampikia pilau? Kiongozi mwenye maono hawezi kuwaandikia watu wake tano wakati mia ipo, tena haina gharama ya ziada, stika ni ile ile. (Mama Ebla: Mimi nilijaza dizeli ya kawaida ya petroli stesheni, wallahi, hiyo mafuta yako sijaiona hata kwa chupa! Mowlid: Mama, mimi naamini, lakini bosi yangu anaamini stika. Aliyebandika aseme mbele ya watu, nitampigia bosi sasa hivi.)

Ndugu wananchi, suala hilo lipo kwenye awamu ya mashauriano na litapelekwa kwa kamati ndogo ya kamati kubwa. Sasa tupige kauli mbiu yetu. Nikisema mathenge, mnajibu nguvu! Mathenge! (Umati: Maji!) Mathenge! (Umati: Maji!) Naona sauti ya spika haifiki vizuri.

(Mzee Yarow anasimama taratibu na fimbo yake. Anasema: Jelle, wewe ni mtoto yangu. Huku kwetu mtu akibiga chapa ngamia ambayo si yake, anasimama mbele ya watu anasema, chapa ni yangu, ngamia si yangu. Baba yako alisema hivyo, nilikuwepo, hakuna mtu alimcheka. Sema, mama apate bambu yake.)

Adeer Yarow, ami yangu, baba hakuwa na wafadhili kwenye hema. (Mama Ebla anamtazama.) Eeddo, usinitazame hivyo. Naogopa macho hayo kuliko mkaguzi wa hesabu. Najua ni nani aliyepeleka maji nyumbani kwa mama yangu ukame ule uliopita, bila hotuba.

Bwana Awil, mkalimani wetu hodari, umefanya kazi kubwa, hebu nenda ukaangalie chai ya wageni imekwama wapi. (Mkalimani anaondoka. Wafadhili wanabaki wakitabasamu.) Nenda kabisa, mpaka nyuma ya jengo.

Haya. Stika ni yangu, boza si langu. Na bayodizeli haikuingia kwenye boza hilo kwa sababu, kwa lugha ya kitaalamu, mnyororo wa usambazaji haukuwa na kitu cha kusambaza. (Mowlid, simu mkononi: Kwa Kiswahili ya kawaida, Mkurugenzi. Bosi anasikiliza.)

Basi nifunge kwa shukrani. Nawashukuru wafanyakazi wa kiwanda chetu, ambacho hakikujengwa. Nawashukuru wakusanyaji wa mbegu za mathenge, ambazo hazikukusanywa na yeyote isipokuwa mbuzi, nao wamebaki vibogoyo. Naishukuru mitambo yote niliyoitaja leo na mwaka jana, ambayo naiona kwenye michoro tu kama mnavyoiona ninyi, maana tone moja la mafuta hayo halijawahi kutoka mahali popote wala kuingia kwenye gari la mtu. Na shukrani za pekee zimwendee Ifrah, mchapishaji wa stika pale sokoni, ambaye kazi yake ndiyo sehemu pekee ya mradi iliyokamilika.

(Mowlid: Bosi amesikia. Mama, bambu mpya inafungwa leo, maji iende Masalani. Vigelegele. Wafadhili, wakidhani hotuba imefika kileleni, wanasimama wote na kupiga makofi marefu.)

Asanteni, wageni wetu, mmenipa nguvu. Garissa oyee! Nishati oyee! Uwazi na uwajibikaji oyee! Nawashukuru kwa kunisikiliza, na eeddo, ombi moja dogo la mwisho: unapoibandua ile stika, tumia maji ya moto, ukiyapata, na uende polepole isichanike, maana huo ndio mradi wote, na Alhamisi tunauzindua Masalani.