Kurasa Tisini za Karoti

Jumatatu, 4 Machi
Mkaguzi wa kilimo hai anakuja Alhamisi! Shangazi ametangaza huku ana udongo hadi viwikoni. Akipata cheti, duka kubwa litachukua karoti zake zote. Asipopata, sheria ni sheria: ayafute maneno "kilimo hai" kwenye makasha yake, hata kama hajawahi kutia mbolea ya viwandani wala kunyunyiza dawa. Kinachotakiwa ni daftari la shamba, siku kwa siku, miaka mitatu. Akanigeukia, akasema ashukuriwe Mungu kwamba kazi hiyo alinipa mimi, mtoto mwenye mwandiko mzuri.

Nimelifungua daftari. Lina siku kumi na moja.

Jumanne, 5 Machi
Mpango! Kurasa tisini kwa siku mbili. Kalamu tatu tofauti, ili miaka ionekane imepita. Madoa ya chai, kwa uzee. Binamu yangu Kidomo akachungulia, akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu yangu ina kurasa tisini.

Jumatano, 6 Machi
Vidole vimevimba. "Jua kali. Nimemwagilia karoti." Nimeyaandika hayo mara mia nne. Shangazi akaona ninavyojituma, akaniletea yai la kuchemsha. Nilitaka kumwambia. Nikameza yai, na maneno pia.

Alhamisi, 7 Machi
Mkaguzi ni mtu wa polepole. Aliufukua udongo, akaunusa, akausifu. Moyo wangu! Kisha daftari. Analamba kidole, anafunua. Analamba, anafunua. Shangazi ameshika leso kwa mikono miwili. Kidole kikasimama tarehe 12 Aprili, mwaka jana.

Akaniuliza kwa upole kama nina hakika na jua lile. Nikasema kabisa. Akasema siku hiyo alikuwa amesimama hapa hapa, maji ya mafuriko yamemfika magotini, na buti lake moja halijaonekana hadi leo.

Kidomo akauliza kama ni la kushoto.

Hakuna cheti. Daftari lianze upya, la kweli. Shangazi hakunigombeza. Alichukua brashi, akaanza kupaka rangi juu ya maneno, kasha baada ya kasha. Hilo ndilo lililoniliza.

Ijumaa, 8 Machi
Nimetubu. Shangazi amenipa daftari jipya na nafasi ya mwisho. Nimemwapia kwamba sitachelewa tena kuandika hata siku moja.

Na sitachelewa. Nimeshajaza hadi Desemba. Safari hii nimeweka mvua za kutosha.